Jinsi ya Kuchunguza Nadharia za Geji zenye Supasimetria Pale Mwingiliano Unapokuwa Mkali

Katika nadharia za geji, yaani zile zinazoeleza nguvu kati ya chembe kwa kutumia kundi la ulinganifu, ambazo mwingiliano wake hudhoofika katika nishati kubwa, hesabu za nishati ndogo huwa ngumu mno. Njia ya kawaida ni kukokotoa nyongeza moja baada ya nyingine kwa vipeo vya g, yaani nguvu ya mwingiliano, na njia hiyo hukwama mara tu nyongeza inayofuata inapokosa kuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Hata hivyo, nadharia zenye supasimetria, yaani ulinganifu unaounganisha bosoni na fermioni, aina mbili kuu za chembe, zinaruhusu majibu kamili kwa maswali kadhaa muhimu, bila makadirio yoyote. Kazi ya Ian Affleck, Michael Dine na Nathan Seiberg ya mwaka 1984, na ile ya Seiberg ya miaka ya 1994 na 1995, zilionyesha kwamba majibu hayo hupatikana kwa kuunganisha mambo matatu: ulinganifu, sifa za fanksheni za namba changamano, na ukaguzi wa kila dai katika hali ambazo jibu lake linajulikana kwa njia nyingine.

Mwongozo huu unamchukua msomaji katika mfano mmoja, kundi la SU(3) lenye aina F za kwarki, na kuongeza idadi ya aina moja baada ya nyingine. Ninapendekeza mpangilio huu badala ya kuanza na uwili wa Seiberg, yaani dai kwamba nadharia mbili tofauti zinalingana katika nishati ndogo, ingawa uwili ndio uliojipatia sifa zaidi, kwa sababu anayeanzia huko huupokea kama tangazo, ilhali anayeanzia chini huuona ukijengeka. Msomaji anahitaji kuwa na ufahamu wa msingi wa makundi ya ulinganifu na wa nyuga za supasimetria, kalamu, karatasi, na subira ya kufanya hesabu mwenyewe.

Kuandaa nadharia

Anza kwa kuorodhesha nyuga. Kuna gluoni na mwenza wake gluino, kuna nyuga za kwarki Q zilizo aina F, na kuna nyuga za antikwarki Q̃ zilizo aina F vilevile. Kila uga wa Q unabeba ndani yake fermioni, ambayo ndiyo kwarki yenyewe, pamoja na skala, yaani bosoni isiyo na spini, ambayo ni mwenza wake. Kwa kundi la SU(N), ambapo N ni idadi ya rangi, yaani chaji za kwarki, kigawo cha kwanza kinachoeleza jinsi nguvu ya mwingiliano inavyobadilika kulingana na nishati ni b = 3N − F, kwa hiyo katika SU(3) ni b = 9 − F. Mradi F haizidi 8, mwingiliano ni dhaifu katika nishati kubwa na unakua kadiri nishati inavyopungua, mpaka kufikia kipimo cha nishati tunachokiita Λ.

Usiichukulie Λ kama namba ya kawaida tu. Iandike kwa ukamilifu wake: Λᵇ = μᵇ exp(−8π²/g² + iθ), ambapo μ ni nishati tunayopimia na θ ni pembe ya nadharia ya geji. Kwa namna hii Λᵇ inakuwa namba changamano inayobeba g na θ kwa pamoja. Jambo hili dogo la uandishi ndilo linalofungua mlango wa yote yanayofuata, kwa kuwa supapotensheli W, ambayo ndiyo inayoamua hali za ombwe, yaani hali za nishati ya chini kabisa, inaweza kutegemea Q, Q̃ na Λᵇ, lakini kamwe haiwezi kutegemea vinyume changamano vya vitu hivyo. Sifa hii, ambayo wanahisabati huiita uholomofi, inabana sana idadi ya fanksheni zinazoruhusiwa.

Kisha tafuta vigezo visivyobadilika chini ya mageuzi ya geji, maana ndivyo vinavyobaki na maana katika nishati ndogo. Mesoni M = Q̃Q ni matriki yenye safu F na nguzo F, na ipo daima. Barioni B = QQQ na antibarioni B̃ huwezekana tu pale F inapofikia 3, kwa sababu rangi tatu zinapaswa kuunganishwa na kwarki tatu zilizo za aina tofauti. Bila W yoyote, thamani za vigezo hivi ziko huru kubadilika pasipo kugharimu nishati, na swali la kwanza la kujiuliza kwa kila F ni iwapo uhuru huo unabaki baada ya athari za kwantumu kuhesabiwa.

Kuibana supapotensheli kwa chaji

Hapa ndipo penye hatua ambayo wanafunzi wengi huiruka kwa haraka, nami naomba isirukwe. Orodhesha ulinganifu wote, hata ule unaovunjwa na anomali, yaani athari ya kwantumu inayofuta ulinganifu uliokuwapo kabla yake, kisha ipe Λᵇ chaji inayofidia uvunjwaji huo. Kwa ulinganifu wa aksia, ambao kila Q na kila Q̃ ina chaji 1, anomali inaipa Λᵇ chaji 2F. Determinanti ya M nayo ina chaji 2F, hivyo uwiano Λᵇ/det M hauna chaji yoyote. Kwa ulinganifu wa R, ambao huzipa bosoni na fermioni zilizo wenza chaji tofauti, chagua ule ambao Q ina chaji 0. Gluino ina chaji 1, fermioni za kwarki zina chaji −1, na kwa kujumlisha michango yao Λᵇ inapata chaji 2N − 2F. Supapotensheli lazima iwe na chaji 2 ya R. Ukiandika W kuwa kipeo fulani cha Λᵇ/det M, kipeo hicho hakiwezi kuwa kingine ila 1/(N − F). Umbo pekee linaloruhusiwa ni:

W = c (Λᵇ/det M)^(1/(N−F))

ambapo c ni namba isiyotegemea chochote isipokuwa N na F. Kagua vipimo: Λᵇ ina kipimo cha 3N − F, det M ina kipimo cha 2F, tofauti yake ni 3N − 3F, na kwa kugawanya kwa N − F unapata 3, ambacho ndicho kipimo kinachotakiwa cha W. Ukaguzi huu haukuwekwa ndani kwa makusudi tangu mwanzo, kwa hiyo una thamani.

Kwa SU(3) yenye F = 2 fomula hiyo inakuwa W = cΛ⁷/det M. Thamani kubwa za M zinalivunja kundi zima la SU(3), na kwa kuwa linavunjika katika nishati kubwa, mwingiliano haupati nafasi ya kuwa mkali. Kwa hiyo c inaweza kukokotolewa kwa uhakika kupitia mchango wa instantoni moja (umbo la uga wa geji ambalo hesabu ya kipeo baada ya kipeo haliwezi kuliona), ambayo ina kipimo kilekile cha Λᵇ, na jibu ni c = 1. Kwa jumla c = N − F.

Sasa fanya ukaguzi wa kuondoa kwarki, ambao utautumia tena na tena. Ongeza uzito m kwa aina ya pili, yaani W = Λ⁷/(M₁₁M₂₂) + mM₂₂, ukiwa umeweka mesoni zilizo nje ya ulalo kuwa sifuri. Ukitafuta mahali ambapo W haibadiliki kwa M₂₂, unapata M₂₂² = Λ⁷/(mM₁₁), na ukirudisha thamani hiyo ndani ya W unapata W = 2(mΛ⁷/M₁₁)^(1/2). Nadharia iliyobaki ina F = 1 na Λ yake mpya inatimiza Λ′⁸ = mΛ⁷, na umbo lililopatikana ni lilelile ambalo fomula ya jumla inalitabiri, pamoja na kigawo 2 = 3 − 1. Ukaguzi ungekataa fomula yenye c tofauti.

Endelea kwa kuzipa aina zote mbili uzito m ulio sawa. Weka M = x mara matriki ya utambulisho, na mlinganyo unakuwa x³ = Λ⁷/m. Una majibu matatu, tofauti kati yao ikiwa ni vipeuo vya tatu vya 1. Ukiongeza m hadi kwarki zote ziwe nzito mno, inabaki nadharia ya gluoni na gluino pekee, na W = 3Λ′³ ambapo Λ′⁹ = m²Λ⁷. Idadi ya maombwe matatu inalingana na ile ambayo Edward Witten aliikokotoa mwaka 1982 kwa njia tofauti kabisa, ambayo kwa SU(N) inatoa N. Bila uzito, kwa upande mwingine, W inashuka kadiri M inavyokua na nadharia haina ombwe tulivu lolote. M inakimbilia ukomo.

Aina tatu: sharti linalobadilika

F inapofikia 3, kipeo 1/(N − F) hakina maana, na chaji ya R ya M ni sifuri, kwa hiyo hakuna W inayoweza kuandikwa kwa M, B na B̃. Uhuru wa vigezo unabaki, lakini haubaki vilevile. Bila kwantumu, det M = BB̃ kwa sababu ya jinsi B ilivyojengwa kutokana na Q. Chaji zinaruhusu nyongeza moja tu, ambayo ni Λ⁶, kwa kuwa b = 6 na kipimo cha det M ni 6 pia. Sharti halisi ni:

det M − BB̃ = Λ⁶

Nyongeza hiyo si hiari, kwani bila yake kumpa uzito kwarki mmoja hakutoi matokeo ya F = 2 tuliyokwisha kuyathibitisha. Matokeo yake ni makubwa: asili ya nafasi, ambako M, B na B̃ zote ni sifuri, haipo tena katika nadharia, kwa hiyo kila ombwe linavunja sehemu fulani ya ulinganifu. Mahali M inapolingana na matriki ya utambulisho, ulinganifu wa kairali SU(3) × SU(3), unaochanganya aina za Q na aina za Q̃ kila moja kivyake, unavunjika na kubaki SU(3) moja; mahali M ni sifuri na BB̃ = −Λ⁶, ulinganifu wa kairali unabaki mzima na namba ya barioni ndiyo inayovunjika. Kwarki zimefungika, yaani hazionekani zikiwa peke yake, katika hali zote mbili.

Aina nne: ukaguzi wa anomali

Huu ndio mfano ninaouthamini kuliko yote, kwa kuwa namba zake ni ndogo kiasi cha kukokotolewa kwa mkono na bado zinashangaza. Kwa F = 4 kuna mesoni 16, barioni 4 na antibarioni 4, na dai ni kwamba hizo ndizo chembe zisizo na uzito katika nishati ndogo, zikiwa na supapotensheli:

W = (BMB̃ − det M)/Λ⁵

Dai hilo linasema kwamba asili ya nafasi ipo, kwarki zimefungika, na ulinganifu wa kairali haujavunjika pale. Dai zito namna hii linahitaji kupimwa, na kipimo bora ni kile alichokipendekeza Gerard 't Hooft mwaka 1980: anomali za ulinganifu usiovunjika lazima ziwe sawa zikihesabiwa kwa chembe za nishati kubwa au kwa zile za nishati ndogo.

Anza na mchemraba wa SU(4) ya kushoto, yaani anomali inayozidisha chaji tatu za SU(4) inayozichanganya aina za Q. Kwa kwarki, kila Q huja katika rangi tatu, hivyo jumla ni 3. Kwa chembe zilizofungika, mesoni zinachangia 4, na barioni, ambazo hubadilika kinyume na kwarki, zinachangia −1. Jumla ni 3.

Kisha chukua ulinganifu wa R usio na anomali, ambao Q ina chaji (F − N)/F = 1/4, kwa hiyo fermioni yake ina −3/4. Kuna fermioni 24 za namna hiyo na gluino 8 zenye chaji 1. Mchemraba wa chaji unatoa 24 × (−27/64) + 8 = −17/8. Upande wa pili, fermioni za mesoni ni 16 zenye chaji −1/2, na zile za barioni na antibarioni ni 8 zenye chaji −1/4: jumla ni −2 − 1/8 = −17/8. Jumla ya chaji zenyewe bila kuzikweza, inayohusu anomali ya mvutano (graviti), ni −18 + 8 = −10 upande mmoja, na −8 − 2 = −10 upande mwingine. Namba hizi zinatokana na orodha mbili za chembe zisizofanana hata kidogo, na anayezikokotoa mwenyewe kwa mara ya kwanza ana haki ya kusimama kidogo na kuzitazama.

Maliza kwa ukaguzi wa uzito. Ongeza mM₄₄ katika W na utafute mlinganyo wa M₄₄. Unapata det M′ − B₄B̃₄ = mΛ⁵, ambapo M′ ni mesoni za aina tatu zilizobaki. Kwa kuwa Λ′⁶ = mΛ⁵, hilo ndilo sharti la F = 3 lililotangulia.

Kuanzia aina tano: uwili

F ikiwa 5 au zaidi, orodha ya M, B na B̃ pekee haipatanishi tena anomali, na hiyo ni dalili ya kutafuta maelezo mapya. Seiberg alipendekeza kwamba nadharia ya SU(N) yenye aina F ina nishati ndogo sawa na nadharia nyingine yenye kundi la SU(F − N), aina F za kwarki za sumaku q na q̃ (jina la kuzitofautisha na zile za mwanzo), pamoja na M kama uga wa msingi, na W inayolingana na Mqq̃. Pima kwa njia ileile: mchemraba wa SU(F) upande wa sumaku ni −(F − N) kutoka kwa q, na F kutoka kwa M, jumla N, sawa na upande wa kwanza. Barioni nazo zinalingana, kwa kuwa Q tatu katika SU(3) zina chaji ya R ya 3(F − 3)/F, na q zilizo F − 3 kwa idadi, kila moja ikiwa na chaji 3/F, zina jumla hiyohiyo. Kumpa uzito kwarki mmoja upande wa kwanza kunalazimisha qq̃ kupata thamani upande wa pili, na SU(F − N) inapungua kuwa SU(F − N − 1), jambo ambalo ndilo linalotarajiwa F inapopungua kwa 1.

Ili kujua nadharia inaishia wapi, tumia uhusiano kati ya chaji ya R na kipimo cha uga katika nukta yenye ulinganifu wa konformali, yaani pale nadharia inapoonekana vilevile katika kila kipimo cha nishati: kipimo ni 3/2 ya chaji. Kwa mesoni hicho ni 3(F − N)/F. Katika SU(3) unapata 6/5 kwa F = 5, 3/2 kwa F = 6, 12/7 kwa F = 7 na 15/8 kwa F = 8. Kipimo cha skala isiyobadilika chini ya geji hakiwezi kuwa chini ya 1, na kikiwa 1 kamili uga huo uko huru. Kwa F = 4 fomula ingetoa 3/4, jambo lisilowezekana, nasi tayari tunajua kwamba hapo nadharia haiishii katika nukta ya namna hiyo bali hufungika. Kwa hiyo aina 5 hadi 8 zote zinaishia katika nukta ya konformali yenye mwingiliano, na maelezo yaliyo rahisi hubadilika kadiri F inavyobadilika: kwa F = 8 kundi la awali lina b = 1 na ndilo dhaifu zaidi, wakati kwa F = 5 kundi la sumaku ni SU(2) lenye b = 1. F = 6 iko katikati, makundi yote mawili yakiwa SU(3), na hakuna upande ulio rahisi.

SU(3) haina hali moja muhimu, na kwa ajili hiyo inafaa kuhamia SU(4) yenye F = 6. Kipimo cha mesoni ni 1 kamili, kundi la sumaku ni SU(2) lenye b = 0, na mwingiliano wake hudhoofika polepole katika nishati ndogo. Nadharia iliyoanza na mwingiliano mkali inaishia kuwa na gluoni na kwarki huru ambazo hazikuwamo katika orodha ya mwanzo. Kwa jumla hali hii hutokea F ikiwa kati ya N + 2 na 3N/2. Ni katika eneo hili ambapo Kenneth Intriligator, Seiberg na David Shih walionyesha mwaka 2006 kwamba kuzipa kwarki uzito mdogo huzaa ombwe la muda mrefu linalovunja supasimetria.

Mipaka, na hatua moja zaidi

Usidai zaidi ya kile ambacho njia inatoa. W inajulikana kikamilifu, lakini sehemu ya nadharia inayoamua jinsi nyuga zinavyosafiri si holomofi, kwa hiyo uzito halisi wa chembe nzito haupatikani kwa njia hii, na matokeo haya hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwenye nadharia ya kwarki isiyo na supasimetria.

Mpaka huo unasogea supasimetria inapoongezwa maradufu. Katika nadharia ya SU(2) yenye uga wa ziada φ unaobadilika kama gluoni, usafiri wa nyuga nao unaamuliwa na fanksheni holomofi, na mwaka 1994 Seiberg na Witten waliipata kwa kutumia mkunjo y² = (x − Λ²)(x + Λ²)(x − u), ambapo u ni wastani wa Tr φ². Kwa ukaguzi, tafuta thamani za u ambazo mizizi miwili ya mkunjo inakutana: ni Λ² na −Λ², na katika nukta hizo monopoli ya sumaku (chembe yenye ncha moja ya sumaku) au daioni (yenye chaji ya umeme na ya sumaku pamoja) inapoteza uzito wake. Mpe φ uzito mdogo kwa kuongeza m × u katika W. Nukta nyingine zote zinaacha kuwa maombwe, na katika mbili zinazobaki chembe hiyo ya sumaku inajikusanya katika ombwe na kuzifunga chaji za umeme. Maombwe ni mawili, sawa na hesabu ya Witten kwa SU(2).